Usiliamini Jina, Liulize Faili Lenyewe

Kaa katika steshenari yoyote yenye kompyuta mbili na mashine ya kutoa kopi, na kabla ya adhuhuri utaisikia hukumu hii: "Faili limekorapti." Kijana amekuja na flashi yenye wasifu wake wa kuombea kazi. Faili linaitwa CV.pdf. Dada wa steshenari analibonyeza mara mbili, kompyuta inakataa. Anajaribu kwa programu nyingine, nayo inakataa. "Kaka, hili limekufa. Kaandike upya." Mwisho wa kupokea maombi ni saa kumi alasiri, na kijana hana kompyuta nyumbani.

Mara nyingi hukumu hiyo ni ya uonevu. Faili halijafa, limepewa jina lisilo lake. Wasifu uliandikwa kwa Word, kisha mtu akafuta herufi za mwisho, docx, akaweka pdf, akiamini kwamba akibadili jina atakuwa amebadili na faili. Kilichomo ndani ni kizima, hakijapungua hata nukta. Kinachotakiwa ni mtu wa kulitazama faili lenyewe, na kazi hiyo hufanywa na amri moja fupi ambayo imekuwapo tangu mwaka 1973. Amri hiyo inaitwa file.

Ninasema wazi ninachokitaka. Kila anayefundishwa kompyuta, awe mwanafunzi wa sekondari au karani wa ofisi, aijue amri hii kabla hajafundishwa kupamba slaidi. Na kila taasisi inayopokea mafaili ya wananchi kwenye tovuti yake ilazimike kuyatazama ndani kabla ya kumjibu mtu kwamba maombi yake yamekataliwa.

Tuanze na jina. Herufi tatu au nne zinazofuata nukta, yaani kiendelezi, ni desturi iliyotokana na mifumo ya miaka ya 1970 kama CP/M, ambako jina la faili lilikuwa na nafasi ya herufi nane, na aina yake herufi tatu. DOS iliirithi desturi hiyo, Windows ikairithi kwa DOS, na hadi leo Windows huangalia herufi hizo ili kuamua ni programu gani ilifungue faili. Lakini herufi hizo mtu yeyote anaweza kuzibadilisha kwa sekunde chache, na ndani ya faili hakuna kinachotikisika. Kiendelezi ni madai ya aliyelipa faili jina. Huenda alikuwa mkweli, huenda alikosea, huenda alikusudia kudanganya, na kwa kulitazama jina tu huwezi kujua ni lipi kati ya hayo matatu.

Waliotengeneza Unix, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, kwenye maabara za Bell Labs, Murray Hill, New Jersey, walifuata njia nyingine. Kwao jina lilikuwa jina tu, na nukta ilikuwa herufi kama herufi nyingine. Kwa kuwa mfumo wao haukutegemea kiendelezi, ilibidi kiwepo chombo cha kuuliza faili ni kitu gani. Ukurasa wa maelezo ya amri ya file katika Toleo la Nne la Unix una tarehe ya Novemba 1973. Programu tunayoitumia leo kwenye Linux na kwenye kompyuta za Apple iliandikwa upya na Ian Darwin, akiwa Toronto, Kanada, katikati ya miaka ya 1980. Aliitoa bure kwa yeyote aitakaye, na tangu miaka ya 1990 imekuwa ikitunzwa na kupanuliwa na Christos Zoulas. Programu chache sana zimeishi nusu karne zikifanya kazi ileile kwa jina lilelile.

Kuitumia ni jambo la mstari mmoja. Unafungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, unaandika file, unaacha nafasi, unaandika jina la faili, unabonyeza Enter. Kwa yule kijana ingekuwa "file CV.pdf", na jibu lingekuja papo hapo: "CV.pdf: Microsoft Word 2007+". Hapo shauri limekwisha. Mpe faili jina la CV.docx, lifungue, kisha lihifadhi kama PDF kwa njia yake halali. Ukiandika file na kuweka nyota badala ya jina, itakusomea kila faili lililomo kwenye folda, moja baada ya jingine. Haibadilishi kitu katika faili, haihitaji intaneti, wala haikuulizi nywila.

Majibu yake yana manufaa hata pale faili lisipokuwa na siri yoyote. Umepakua fomu kutoka kwenye tovuti, nayo inaitwa fomu.pdf, lakini haifunguki. Unaiuliza file, inajibu: "HTML document, ASCII text". Maana yake ni kwamba tovuti haikukupa fomu. Ilikupa ukurasa wa wavuti, pengine ukurasa wa kukutaka uingie kwanza kwa akaunti yako, pengine ujumbe wa hitilafu, na ukurasa huo ukahifadhiwa kwa jina la fomu. Hata ukisakinisha programu mpya za kusomea PDF usiku kucha hutafika popote, kwa sababu fomu yenyewe haijawahi kufika kwako. Au mwandishi wa mkoani ametuma picha ya tukio kwenye dawati la habari, jina lake picha.jpg, na programu ya kupanga kurasa inaikataa. file inasema "Web/P image", au inataja HEIF, aina inayotumiwa na simu za iPhone. Picha ni nzima, inahitaji kugeuzwa tu. Na faili likiwa halina kitu kabisa, jibu ni neno moja, "empty", na hapo hatimaye una haki ya kumpigia aliyetuma na kumwomba atume tena.

Inajuaje? Mnunuzi wa nafaka aliyezoea kazi haridhiki na maandishi ya kwenye gunia. Huchoma bambo, hutoa punje chache, huziangalia kiganjani. Amri ya file hufanya hivyo kwa baiti, yaani namba ndogondogo zinazounda faili, na hufanya kwa ngazi tatu. Kwanza inauliza mfumo: hili ni faili la kawaida, au ni folda, au ni kiungo kinachoelekeza kwingine, au ni tupu? Pili inasoma baiti zilizomo, hasa za mwanzo, na kuzilinganisha na orodha ndefu ya alama za aina mbalimbali za mafaili. Tatu, ikiwa hakuna alama iliyolingana, inapima kama kilichomo ni maandishi, na ni maandishi ya mfumo gani. Ngazi ya kwanza kutoa jibu ndiyo inayosikilizwa. Ikishindwa kote inaandika "data", yaani hizi ni baiti ambazo haizitambui. Ninaiheshimu sana programu inayokiri hivyo, kwa kuwa mashine nyingi za siku hizi zimefundishwa kujibu hata pale zisipojua.

Alama hizo zinastahili kutazamwa kwa karibu. Chukua picha yoyote ya PNG. Baiti zake nane za kwanza, kwa hesabu ya kawaida, ni 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Hakuna hata moja iliyowekwa hapo kwa bahati. Ya kwanza, 137, imezidi 127 kwa makusudi, ili faili lisidhaniwe kuwa maandishi ya kawaida, na ili njia mbovu ya mawasiliano inayokata biti ya nane igundulike mara moja, maana 137 ingefika ikiwa 9. Tatu zinazofuata ni herufi P, N na G. Kisha 13 na 10 ni alama za mwisho wa mstari kama zinavyoandikwa na Windows. Programu iliyozichezea kwa kudhani inasafisha maandishi itakuwa imeacha ushahidi. Namba 26, kwenye DOS, ilikuwa alama ya mwisho wa faili, hivyo mtu aliyejaribu kulisoma kama maandishi skrini yake haikujaa takataka. Na 10 ya mwisho inanasa kosa la upande wa pili, pale mfumo unapoigeuza kuwa 13 na 10. Baiti nane zinatosha kulitambulisha faili na kueleza kama limeumizwa njiani, na kwa namna gani. Muundo wa PNG ulipitishwa kuwa pendekezo rasmi la W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwezi Oktoba 1996, na hadi leo baiti hizo nane hazijabadilishwa.

Alama nyingine zimebeba majina ya watu. Programu ya Windows, ile ya .exe, huanza na herufi MZ, za Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft wa enzi za DOS. Faili la ZIP huanza na PK, herufi za Phil Katz, aliyetoa PKZIP mwaka 1989 na kufariki mwaka 2000 akiwa na miaka 37. PK hiyo utaikuta pia mahali usipoitarajia. Chukua nakala ya hati yako ya Word ya kisasa, badilisha docx iwe zip, ifungue. Utakuta folda inayoitwa word, na ndani yake faili document.xml lenye maneno yako yote. Hati ya Word ni kifurushi cha ZIP. Lahajedwali ya Excel ya kisasa ni ZIP. Hata programu ya simu ya Android, APK, ni ZIP. Ndiyo maana wakati mwingine file hujibu "Zip archive data" kwa hati iliyotengenezwa na programu isiyo ya kawaida. Jibu hilo ni la kweli, ila limeishia mlangoni.

Kuna pia jambo linalotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Lugha yetu, kwa herufi za Kirumi, haina vitone wala vikofia juu ya herufi. Kila herufi yake imo katika ASCII, orodha ya alama 128 ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Marekani mwaka 1963. Andika ukurasa mzima wa Kiswahili kwenye kihariri cha kawaida, uuite shairi.txt, uiulize file: itajibu "ASCII text". Sasa nakili ukurasa uleule kutoka Word, ambako alama ya juu katika ng'ombe na ng'ambo imepindwa ili ipendeze. Jibu linabadilika kuwa "Unicode text, UTF-8 text", kwa sababu ile alama moja iliyopindwa sasa inachukua baiti tatu: 226, 128 na 153. Na kama maandishi yalihifadhiwa kwa mfumo wa zamani wa Windows, alama hiyo ni baiti moja, 146, nayo file itakuambia "Non-ISO extended-ASCII text".

Mhariri asiyejua hayo anaona tu kwamba ng'ombe imegeuka "ngâ€™ombe" kwenye tovuti ya gazeti, na anaanza kusahihisha neno moja moja kwa mkono. Anayejua anaiuliza file, anapata jina la mfumo, kisha kwa amri ya iconv anageuza makala yote kwa mara moja. Tumeziona ng' zilizovurugika kwenye vitabu vya kidijitali, kwenye matangazo ya ofisi na kwenye kurasa za habari, hadi tumezizoea kana kwamba ndivyo Kiswahili kinavyopaswa kuonekana kwenye kompyuta. Sivyo. Ni uzembe wa kutouliza swali moja kabla ya kuchapisha.

Nitaje na hili. Matoleo ya zamani ya file yalikuwa na orodha fupi ya maneno ya kutambulia lugha, nayo yaliweza kujibu "ASCII English text". Katika lugha za watu, orodha hiyo ilikijua Kiingereza peke yake. Baadaye kipengele hicho kiliondolewa, na kiliondolewa kwa haki. Lakini kinatukumbusha kwamba orodha ya alama za file huandikwa na watu, na kwamba yeyote anayekutana na aina ya faili isiyotambulika anaweza kuandika alama yake na kuipeleka kwa watunzaji. Programu hii iko wazi. Hakuna aliyetufungia mlango.

Tuje kwenye hatari, kwa sababu jina lenye uongo linaweza kukuletea zaidi ya usumbufu. Tarehe 4 Mei 2000, kutoka Ufilipino, ulianza kusambaa ujumbe wa barua pepe wenye kiambatanisho LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, ilificha kiendelezi cha mwisho, hivyo walioupokea waliona TXT tu wakadhani ni barua ya maandishi. Walipobonyeza, programu iliyomo ilijituma kwa kila anwani waliyokuwa nayo na kuharibu mafaili yao, picha zikiwamo. Kompyuta zilizopata madhara zilikuwa mamilioni, na hata Bunge la Uingereza lilizima mfumo wake wa barua pepe.

Mtu makini atauliza: je, file ingewaokoa? Kwa faili lile, si peke yake. Kirusi hicho kilikuwa maandishi kweli, mistari ya maagizo iliyoandikwa kwa herufi za kawaida, na file ingeweza kujibu kwamba ni maandishi, isiseme uongo hata kidogo. Kilichoyageuza maandishi hayo kuwa silaha ni zile herufi vbs zilizofichwa, ambazo Windows ilizitii. Kwa hiyo kanuni ina sehemu mbili, na zote mbili ni za lazima: lione jina zima, kisha kiulize kilichomo. Hatua ya kwanza kwenye kompyuta yoyote ya Windows iwe kuiamuru ionyeshe viendelezi vyote. Dakika moja inatosha, na sijaona sababu ya kuviacha vifichwe.

Walaghai nao hawakulala. Unicode, orodha ya alama za maandishi ya lugha mbalimbali, ina alama isiyoonekana, U+202E, iliyowekwa kwa ajili ya lugha zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ukiichomeka katikati ya jina, herufi zinazofuata huonekana zimegeuzwa. Faili ambalo kwa kweli linaishia na fdp.exe litaonekana kwenye skrini kana kwamba linaishia na exe.pdf. Jicho la binadamu halina ujanja hapo. file haisomi jina, inasoma MZ iliyo ndani, na inajibu kwamba hii ni programu ya Windows.

Na sasa uwanja umehamia kwenye simu. Nchini India polisi wamewatahadharisha wananchi juu ya mialiko ya harusi inayotumwa kwa WhatsApp, ambayo kwa kweli ni faili la APK, yaani programu ya Android inayoiba taarifa za simu mara inaposakinishwa. Sisi ambao kadi za michango ya harusi na vikao vya kamati vyote vinapita kwenye WhatsApp, na ambao pesa zetu zimo ndani ya simu hizohizo, hatuna sababu ya kujiona tuko mbali. Kadi ya mwaliko ni picha au PDF. Ikijitambulisha kuwa ni APK, si mwaliko.

Haki inanitaka niseme pia pale file inapokomea. Inakuambia faili ni la aina gani, haikuambii kama ni salama. PDF halali inaweza kuwa na ulaghai ndani, na hati halali ya Word inaweza kubeba maagizo yenye madhara. Tena mtu mjanja anaweza kutengeneza faili moja lenye sura mbili: picha ya JPEG hutambuliwa kwa mwanzo wake, ilhali orodha ya yaliyomo kwenye ZIP hukaa mwishoni, hivyo faili moja linaweza kuanza kama picha na kuishia kama kifurushi. Na programu yenyewe, kwa kuwa kazi yake ni kusoma mafaili yasiyoaminika, imewahi kukutwa na udhaifu wa kiusalama zaidi ya mara moja. Ndiyo maana mwaka 2015 waandaaji wa OpenBSD, mfumo wa kompyuta wa jamii ya Unix, waliandika file yao upya, wakaifanya isome faili ikiwa imefungiwa, isiweze kugusa sehemu nyingine ya kompyuta.

Mwezi Februari 2024 Google ilitoa kwa umma Magika, chombo kinachotambua aina za mafaili kwa akili mnemba badala ya orodha ya alama. Kina uhodari mkubwa kwenye maandishi, kwa mfano kutofautisha lugha moja ya programu na nyingine, pale ambapo file husitasita. Nakikaribisha. Lakini jibu la file unaweza kulihakiki mwenyewe: inasema PNG, unafungua baiti nane za kwanza kwa amri ya xxd, unaziona kwa macho yako. Kwa anayejifunza, na kwa anayetakiwa kutoa ushahidi, uwezo huo wa kuhakiki una uzito ambao uhodari huo hauwezi kuufidia.

Wanaolijua hili zaidi ni watunza nyaraka. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza ilianza mwaka 2002 kujenga rejesta iitwayo PRONOM, ambamo kila aina ya faili, na kila toleo lake, hupewa namba yake. PDF ya toleo la 1.4, kwa mfano, ni fmt/18. Kisha ikatengeneza DROID, chombo cha kupitia maelfu ya mafaili na kuyapa namba hizo kwa kusoma kilichomo. Walifanya hivyo kwa sababu faili la leo litasomwa na mtu ambaye hajazaliwa, kwenye mashine ambayo haijatengenezwa, na mtu huyo hatakuwa na wa kumuuliza.

Hili nalo linatugusa. Maandiko ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, uliojengwa na Habib Saleh, yamepigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na katalogi yake pamoja na huduma zake za mtandaoni zikalala kwa miezi. Katalogi inaweza kulala, jina la faili linaweza kupotea, folda inaweza kuvurugwa. Picha ya TIFF, aina ambayo kwa kawaida hutumika kuhifadhi nyaraka za namna hii, bado itajitambulisha yenyewe: herufi II au MM, kisha namba 42. Nyumba ngapi za pwani zina barua na tenzi za wazee zilizokwisha kupigwa picha, zikatupwa kwenye flashi kwa majina ya IMG na namba? Anayetaka kuziokoa aanze kwa kuziuliza ni nini, kisha azipange.

Ninarudi kwenye madai yangu mawili. La kwanza ni la taasisi. Tovuti nyingi za maombi ya kazi, vyuo na leseni humtaka mwananchi apakie PDF, na nyingi hukagua herufi za mwisho za jina tu, au huamini aina inayotajwa na kivinjari, ambacho nacho mara nyingi hukisia kutokana na jina lilelile. Matokeo yake ni mabaya pande zote mbili. Mkweli aliyekosea jina anapokelewa leo, kisha wiki ya tatu anaambiwa nyaraka zake hazisomeki. Na mwovu aliyebadili jina anaingiza anachotaka. Tiba haina gharama. PHP, lugha inayoendesha sehemu kubwa ya tovuti duniani, imekuja na kipengele cha fileinfo tangu toleo la 5.3 la mwaka 2009, na ndani yake ni maktaba ileile ya file. Mistari michache inatosha kumwambia mwombaji papo hapo, kwa Kiswahili kinachoeleweka: "Hili ulilopakia ni hati ya Word. Tafadhali ligeuze kuwa PDF." Ofisi inayolipia mfumo mpya iliandike sharti hilo kwenye mkataba.

La pili ni la shule na vyuo. Najua pingamizi litakalokuja: terminali ni ya wataalamu, na wengi wetu tuna simu tu. Lakini anayeweza kuandika namba za kutuma pesa kwenye menyu ya simu bila kukosea, na kila siku mamilioni wanafanya hivyo, anaweza kuandika neno moja na jina la faili. Kwenye Linux na Apple amri hii ipo tayari. Kwenye Windows inakuja pamoja na Git, chombo cha watengeneza programu, bure. Kwenye simu ya Android inapatikana ndani ya Termux, programu ya terminali, nayo bure.

Mwalimu hahitaji maabara mpya. Achukue mafaili matano: picha, wimbo, hati ya Word, PDF na ukurasa wa wavuti. Ayape yote majina ya uongo, ayaweke kwenye flashi, na awape wanafunzi kipindi kimoja wayatambue na kuyarudishia majina yake. Kipindi kinachofuata wanafunzi watengeneze mafaili ya uongo wao kwa wao na kutegeana. Watajifunza baiti bila kuambiwa wazikariri, na watajifunza tabia itakayowafaa kwenye kila kitu watakachotumiwa maisha yao yote: kudai ushahidi kabla ya kuamini, na kuchunguza kabla ya kuhukumu kwamba kitu kimeharibika. Silabasi zinapopitiwa, somo hilo liwekwe ukurasa wa kwanza.